Ramani ya Mama: shajara ya mradi wa Savannakhet

Mwezi wa kwanza, theluji mpaka magotini

Hali ilivyo mpaka sasa: picha zote za kwenye lile boksi la bati zimeshaskaniwa, rekodi za sauti ziko kwenye laptopu na kopi kwenye fleshi, ramani ndo kwanza tumeanza.

Kwa ambao hamjui, mradi wenyewe ni huu. Mama mkwe wangu alizaliwa na kukulia Savannakhet, mji wa kusini ya Laos ulio ukingoni mwa mto Mekong, akaja huku Minnesota mwanzoni mwa miaka ya themanini baada ya kupita kambi ya wakimbizi Ubon kule Thailand. Wajukuu zake, yaani wanangu, wana bibi wawili, mmoja Morogoro na mmoja hapa hapa sebuleni, na wa Morogoro wanamjua zaidi kwa sababu anapiga simu anaongea mpaka bando linaisha. Huyu wa hapa hasemi sana. Sasa mimi na mume wangu tukasema tumrekodi akisimulia utoto wake, mji ulivyokuwa, mitaa, majirani, alafu tuweke pembeni historia ya mji kama ilivyoandikwa, watoto wakikua waone vyote viwili.

Sheria tuliyojiwekea ni moja tu. Anachosema Mama kinakaa safu ya kushoto kama alivyosema. Cha vitabuni safu ya kulia. Hakuna kumsahihisha Mama safu ya kushoto hata kama tarehe haziendani.

Kazi ya kuuliza maswali anafanya mume wangu, kwa Kilao. Mimi nakaa na vifaa. Kwanza Kilao changu ni cha jikoni, alafu mkwe ni mkwe jamani, mimi nilivyolelewa siwezi kukaa namhoji mama wa mume wangu kama polisi.

Mwezi wa kwanza, mwishoni

Tumebandika karatasi kubwa mezani, nne zimeunganishwa kwa gundi, tukampa Mama penseli. Mume wangu alishachora mshale wa kaskazini juu kabisa, Mama akaigeuza karatasi bila kuuliza. Kwake mto uko mbele. Savannakhet iko ukingo wa mashariki, ng'ambo ni Mukdahan ya Thailand, na jua linazama upande wa Thailand, kwahiyo jioni mji mzima unatazama huko, watu wanatoka nje kupunga upepo, wanakula, wanaangalia maji. Ramani yetu basi ina magharibi juu. Nimeiacha hivyo hivyo.

Baada ya mto akachora kanisa. Nilitegemea ataanza na hekalu maana ni Mbudha, lakini kwao kanisa ndo lilikuwa karibu, Mtakatifu Teresa, lile la 1930 lenye uwanja mrefu mbele yake unaoteremka kuelekea mtoni. Pembeni mwa uwanja maduka ya ghorofa moja, chini biashara juu wanalala, kuta za rangi ya manjano iliyopauka, madirisha ya mbao. Waumini wengi wa pale walikuwa Wavietinamu, na hapa ndo safu ya kulia inasaidia: Wafaransa walipotawala walileta Wavietinamu wengi sana kufanya kazi za ukarani, ujenzi, biashara, kiasi kwamba kwenye hesabu ya 1943 zaidi ya nusu ya wakazi wa mji wa Savannakhet walikuwa Wavietinamu. Ongeza Wachina wenye maduka na shule yao na hekalu lao. Yani mji wa Laos ambao Walao wenyewe walikuwa wachache katikati, na wengi zaidi vijijini pembeni.

Mama hakuwa anajua hiyo hesabu. Alichojua yeye ni kwamba kulia kwao wanaoka mikate, kushoto kwao wanauza vitambaa na mzee wa pale anapiga hesabu kwa zile shanga za Kichina, na nyuma kuna kisima cha wote ambapo akina mama wanagombana kwa lugha tatu.

Mwezi wa pili

Wiki hii tumegundua kitu cha muhimu kwa mradi: Mama akikaa mbele ya rekoda anajibu kama yuko ofisi ya uhamiaji, mwaka, mahali, ndiyo, hapana. Akiwa anapika anaongea mwenyewe. Kwahiyo rekoda imehamia jikoni na sauti sasa ina makelele ya kinu na maji ya bomba lakini maneno ni mara kumi.

Ametengeneza sin savan, nyama ya kukausha ambayo mji wao unasifika nayo Laos nzima. Nyama ya ng'ombe unakata vipande vyembamba vipana, kitunguu saumu, sukari, sosi ya soya, ufuta kwa wingi, unaacha ilowe, alafu kule kwao inaanikwa juani mpaka ikauke nje lakini ndani bado laini, ndo unakaanga. Hapa jua la Februari ni la kuangalia tu, kwahiyo inaingia oveni moto mdogo na mlango umeachwa wazi kidogo kwa mwiko. Wali wa kunata ulishalowekwa tangu usiku, unapikwa kwa mvuke kwenye kile kikapu cha mianzi, unakula kwa mkono, unamega tonge unachovya. Hapo ndo mimi na Mama tulielewana tangu siku ya kwanza nilipoolewa, mtu anayekula kwa mkono hahitaji maelezo.

Katika kuanika nyama ndo zikatoka habari za paa. Kila nyumba ilikuwa na tenga za nyama juu ya paa na kazi ya watoto ilikuwa kufukuza nzi na paka, zamu kwa zamu, na ukiwa juu ya paa unaona kila kitu: boti zinavuka kwenda Mukdahan, watawa wa hekalu la Wat Xayaphoum wanafua, sinema pale uwanjani wanabadilisha bango la filamu. Filamu za Kihindi, za Hong Kong, za Thai. Hizo za Thai mtu anakaa ukumbini na kipaza sauti anaigiza sauti zote peke yake, ya kike na ya kiume na mbwa. Mama alicheka mpaka akaweka kisu chini. Nikawaza hawa wangekutana na madijei wetu wa kutafsiri muvi kule nyumbani wangeelewana kabisa.

Mkate wa asubuhi: mrefu wa Kifaransa, unapita na baiskeli, kahawa inachujwa kwa kitambaa kama soksi, maziwa ya kopo chini ya glasi. Hiyo ipo mpaka leo.

Mwezi wa pili, tena

Safu ya kulia imekuwa ndefu kupita kiasi na sababu ni wanaume wawili.

Kaysone Phomvihane alizaliwa mwezi wa kumi na mbili 1920 kijiji cha Na Seng hapo hapo Savannakhet, baba karani Mvietinamu, mama Mlao. Akaenda kusoma Hanoi, akaingia kwenye mapambano, ndiye aliyeongoza chama cha kikomunisti cha Laos, akawa waziri mkuu kuanzia 1975 na rais 1991 hadi alipofariki 1992. Sura yake iko kwenye noti za kip, hela ya Laos. Phoumi Nosavan alizaliwa mwezi wa kwanza mwaka huo huo 1920, mji huo huo, akawa jenerali wa mrengo wa kulia kabisa, na mwezi wa nane 1960 kapteni Kong Le alipopindua serikali Vientiane, Phoumi akajikusanya Savannakhet na mwanamfalme Boun Oum wa Champasak, Wamarekani na Wathai wakimsaidia silaha na hela, na mwezi wa kumi na mbili jeshi lake likapanda kaskazini likauteka mji mkuu. Kwahiyo vita nzima ya Laos ina watoto wawili wa mji mmoja waliozaliwa mwaka mmoja. Phoumi alikimbilia Thailand 1965 na kufia huko. Kaysone akapewa mji: wilaya ya katikati ya Savannakhet inaitwa jina lake tangu 2005.

Mama upande wake alikuwa na miaka mitano hivi mwaka huo 1960. Anachokumbuka ni ndege nyingi kutua, redio kuwa kubwa kila nyumba, na mama yake kukataza watoto kwenda kuangalia ndege uwanjani, na wao walienda. Mwanajeshi mmoja aliwapa biskuti za kopo. Basi. Jenerali hayumo kabisa.

Mume wangu alitaka tumuulize zaidi, kwamba haiwezekani mji umekuwa makao makuu ya upande mmoja wa vita na mtu asikumbuke. Mimi naona inawezekana vizuri tu. Muulize mtu yeyote alikuwa na miaka mitano siku serikali fulani ilipopinduliwa atakwambia alikuwa anakula nini.

Mwezi wa tatu

Kazi ya ufundi: nimeanza kuandika maneno ya rekodi. Maandishi ya Kilao hayaachi nafasi kati ya neno na neno, yanaenda mfululizo, na alama za toni zinakaa juu ya herufi, sasa nikihamisha kutoka programu moja kwenda nyingine alama zinaruka na kutafuta neno kwenye faili inakuwa shida. Suluhisho: kila faili ina jina kwa herufi za kawaida, na pembeni nimeweka dakika ambapo kila mada inaanza. Mfano kisima_majirani, sinema_uwanjani, paa_nyama. Picha nimeskani kwa ubora wa juu kabisa ambao mashine inaweza kutoa na nyuma ya kila picha pia, manake nyuma kuna mihuri ya studio na maandishi ya penseli ambayo hayataonekana tena baada ya miaka michache.

Tumefika kwenye barabara namba 9. Hii inatoka mtoni Savannakhet inaenda mashariki moja kwa moja mpaka mpaka wa Vietinamu, Lao Bao. Kilomita thelathini hivi kutoka mjini kuna Seno, kambi ya ndege ambayo mkataba wa Geneva wa 1954 uliwaruhusu Wafaransa kubaki nayo. Endelea, Muang Phin, alafu Xepon, hapo ndo njia ya Ho Chi Minh inapita, yale mabarabara ya msituni Vietinamu Kaskazini walipitishia askari na silaha kwenda kusini. Kati ya 1964 na 1973 Marekani ilimwaga Laos zaidi ya tani milioni mbili za mabomu, na sehemu kubwa ilikuwa upande huu wa mashariki ya mkoa na kule kaskazini Xieng Khouang. Mengine yalikuwa yale yanayofunguka hewani na kutawanya vibomu vidogo kama mpira wa tenisi, wenyewe wanaviita bombi, na inakadiriwa karibu theluthi moja havikulipuka, viko ardhini mpaka leo. Mkoa wa Savannakhet ni kati ya ile iliyoathirika vibaya zaidi. Mwanzoni mwa 1971 jeshi la Vietinamu Kusini likaingia kwa barabara hiyo hiyo likifuata Xepon, likarudi limeumia.

Na mwaka huo Mama alikuwa binti wa shule, anapanda baiskeli, anashona sinh (sketi ya Kilao) mpya ya sikukuu, Jumamosi sinema. Mkoa mmoja huo! Nimemwomba mume wangu amuulize taratibu, ilikuwaje. Akasema vita walikuwa wanaiona kwa watu. Familia zinafika kutoka Phin na Xepon na mikeka na kuku, zinajenga vibanda kandokando ya barabara, watoto wao wanaingia darasani kwao wana nywele nyekundu ya njaa na hawapendi ndege ikipita, wanajificha chini ya dawati na wengine wanacheka. Alikuwa mmoja wa waliocheka. Alisema hivyo bila kubadilisha sauti akaendelea kupepeta mchele.

Hiyo imeingia safu ya kushoto kama ilivyo. Mume wangu alisita, mimi nikamwambia kama tunaweka nyama na sinema na hii inaingia.

Mwezi wa nne, Pi Mai

Mwaka mpya wa Kilao, katikati ya Aprili. Hekaluni Farmington watu wengi, maji yanamwagwa kwenye sanamu za Buddha, watoto wangu wamerudi wameloa na baridi la huku. Kule Aprili ndo joto la kuchemsha, maji yana maana.

Nilibeba simu nikaongea na wazee wengine wa Savan waliokuwepo (hakuna mtu anasema Savannakhet kwa urefu, wala hilo jina la wilaya la sasa sijasikia mtu akilitamka hata mara moja). Nikawaonyesha picha ya ramani. Kosa la kupendeza, wakaanza kubishana papo hapo. Mmoja anasema duka la dawa lilikuwa kona ya pili si ya kwanza, mwingine anasema mti wa mkwaju umewekwa mbali na mto. Mama kimya, alafu akasema mti uko sawa, wewe ndo ulikuwa unakaa mbali.

Walichokubaliana wote ni That Ing Hang. Huu ni mnara wa Kibudha, kilomita kumi na kitu nje ya mji, wanaamini ndani kuna mfupa wa Buddha, na sherehe yake ni kwenye mwezi mpevu wa Desemba hivi. Watu walikwenda kwa mikokoteni ya ng'ombe au kujazana kwenye lori, wanalala huko huko, kuna maigizo, kuna vyakula, vijana wanatongozana. Wanawake hawaruhusiwi kuingia ua wa ndani kabisa. Mama alisema utotoni aliona ni sawa, sasa hivi haoni ni sawa, na iandikwe.

Mwezi wa tano

1975. Tumeliendea polepole.

Safu ya kulia: mwezi wa tano mwaka huo wanafunzi na waandamanaji Savannakhet waliwazuia Wamarekani wa shirika la misaada ndani ya makazi yao, askari wa Pathet Lao, yaani wakomunisti wa Laos, wakaingia mji bila vita kubwa, na tarehe 2 Disemba ufalme ukafutwa, ikawa Jamhuri. Maafisa na askari wa serikali ya zamani wakapelekwa semina, yaani kambi za kufundishwa siasa upya, wengine waliambiwa ni wiki chache wakakaa miaka kule Houaphan kaskazini. Thailand ikafunga mpaka. Mashamba ya ushirika yakaanzishwa yakashindwa. Karibu mtu mmoja katika kila kumi aliondoka nchini miaka iliyofuata, wengi kwa kuvuka Mekong usiku.

Safu ya kushoto: Mama kaelezea kuvuka kwake kwa sentensi mbili. Walikuwa wengi kwenye mtumbwi, maji yalikuwa juu. Kisha akahamia kwenye boti za zamani za kwenda Mukdahan, akaongea karibu kaseti nzima kama ingekuwa kaseti. Jinsi walivyokuwa wanavuka asubuhi kununua sabuni na madaftari, wanarudi mchana, jinsi shangazi yake alivyoolewa ng'ambo na sherehe ikafanyika pande zote mbili, jinsi kiangazi mto unapungua na mchanga unatokeza katikati na watu wanalima mboga na tumbaku kwenye kingo, bustani zinateremka mpaka kwenye maji. Lugha moja ile ile, chakula kile kile. Hakuna mtu aliyekuwa anaita kule nje ya nchi, ilikuwa kama Tunduma na Nakonde kwetu, unaenda sokoni unarudi. Ghafla ukivuka unapigwa risasi.

Mume wangu anadhani tumrudishe kwenye ile ya mtumbwi siku nyingine. Mimi nimekataa. Mwenyewe kachagua urefu wa kila habari, na mtu akisikiliza hizo dakika za boti za sokoni atajua kilichopotea kuliko tukimlazimisha atoe machozi kwenye rekoda.

Mwezi wa sita

Daraja. Lilizinduliwa Disemba 2006, kama kilomita moja na nusu na kitu, la pili kati ya Laos na Thailand, lipo kaskazini kidogo ya mji. Malori ya kutoka Vietinamu kwenda Thailand yanapita barabara namba 9 yanapanda daraja hayaingii mjini kabisa. Kwa hiyo mji wa zamani ulibaki umelala, nyumba za uwanjani nyingi zimefungwa, nyingine miti imeotea kwenye ukuta, na miaka ya karibuni vijana wamefungua mikahawa kwenye baadhi. Nimepitia video za watalii nikisimamisha kila sekunde, nikilinganisha na ramani. Kanisa lipo. Jengo la sinema lipo. Kona ya duka la dawa haikuonekana vizuri hivyo ubishi wa Aprili unaendelea.

Mama ameangalia video ya daraja mara moja akauliza nauli ni kiasi gani.

Tatizo jipya ni watoto. Wamesoma safu ya kulia wakakuta Savannakhet ina makumbusho ya dainosaria. Ni kweli: mjiolojia Mfaransa Josué Hoffet alipata mifupa Tang Vay mashariki ya mji miaka ya thelathini, na miaka ya tisini Wafaransa na Walao wakarudi kuchimba, mmoja akapewa jina Tangvayosaurus mwaka 1999, mla majani mwenye shingo ndefu, na 2012 wakatangaza Ichthyovenator, mla nyama mwenye tanga mgongoni lenye pengo katikati. Sasa wanangu wanataka wachorwe kwenye ramani ya bibi. Nikawaambia ramani ni ya alichokiona bibi na bibi hakuona dainosaria. Mdogo akasema lakini walikuwepo chini bibi akikanyaga juu. Sikuwa na jibu.

Mwezi wa saba

Yaliyobaki: binamu wa mume wangu bado anaishi Savan, amekubali kutembea mtaa ule na simu akirekodi, lakini mvua zimeanza huko, tutasubiri zipungue. Mama amempa orodha ya vitu vya kutazama: kisima kama hakijafukiwa, mkwaju, ngazi za kushukia mtoni upande wa Wat Xayaphoum ambapo boti za mashindano zinatolewa mwisho wa mfungo wa watawa, na ile kona.

Sura ya shule haijaanza. Sauti za jikoni tatu bado sijaziandika. Ramani inahitaji karatasi nyingine upande wa juu, manake Mama ameanza kuchora Mukdahan, na ameipa nafasi kubwa kama Savannakhet yenyewe, na soko, na nyumba ya shangazi.

Chini kabisa pembeni mwa barabara namba 9, kwa ruhusa ya bibi, kuna Ichthyovenator wa kalamu ya kijani.